Namna ya kupata wageni wa podikasti ya mahojiano ukiwa Dodoma

Dodoma ni mji wenye vyeo vingi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, na Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, anayeanzisha podikasti ya mahojiano huamka kila siku jirani na makatibu wakuu, wakurugenzi, wabunge na maprofesa. Ndiyo maana wengi wetu tunaanza kwa kuandika orodha ya vyeo. Mimi nilianza hivyo. Miezi mitatu ya mwanzo niliitumia kumfuatilia kiongozi mmoja wa ofisi ya umma. Alipokubali tulikaa dakika 40, akanisomea taarifa ya utekelezaji iliyokuwa imeshatoka magazetini. Kipindi kile sikukirusha.

Wiki iliyofuata nilimwekea maiki mama mmoja anayeuza mlenda mkavu Soko la Majengo. Alinieleza anavyojua kwamba mvua imekwenda vibaya vijijini Chamwino kwa kuangalia tu magunia yanayoshuka sokoni, kabla mtu yeyote hajatangaza. Mpaka leo watu wananipigia simu kuhusu kipindi hicho. Tofauti ya wale wawili haikuwa elimu wala ufasaha. Kwa yule mama nilikwenda na swali; kwa yule kiongozi nilikwenda na hamu ya kusema nimewahi kumhoji.

Hatua ya kwanza: andika swali kabla ya jina

Chukua daftari. Juu ya kila ukurasa andika swali moja ambalo wewe mwenyewe unataka jibu lake. Mfano: zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa nini basi mkulima wake analalamikia bei kila msimu? Chini ya swali hilo andika watu wanaoweza kulijibu kwa kusema "mimi nilifanya", "mimi niliona", si "wadau wanasema". Utapata mkulima wa Hombolo au Mpunguzi, mtafiti wa kituo cha Makutupora, mtu wa kiwanda kinachonunua, na kijana anayeuza vichala barabarani. Swali moja limeshakupa wageni wanne, na kila mmoja ana sehemu yake ya jibu.

Swali jingine: Kongwa ilibaki na nini baada ya mradi wa karanga wa Waingereza wa mwishoni mwa miaka ya 1940, na baada ya kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika zilizokuwa pale miaka ya 1960? Hapa jambo la kwanza ni umri. Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 wakati kambi zile zimejaa sasa ni mzee. Wageni wa namna hii waweke mbele ya wote kwenye ratiba yako. Profesa utampata hata mwakani.

Ukishindwa kuandika swali juu ya ukurasa, huyo unayemfikiria mwache kwanza, hata awe maarufu kiasi gani.

Hatua ya pili: jua wanakopatikana

Mitandao ya kijamii itakupa watu waliozoea kuhojiwa. Wanafaa mara mojamoja, lakini majibu yao wameshayatoa kwingine. Wengine wanapatikana kwa miguu.

Mwezi Agosti nenda viwanja vya Nzuguni wakati wa maonyesho ya wakulima ya Nanenane. Hakuna mahali pengine Kanda ya Kati ambapo utakuta mfuga nyuki wa Manyoni, mtafiti wa mbegu za mtama, fundi wa majembe ya kukokotwa na ng'ombe na mkulima wa alizeti wa Singida ndani ya mita 500. Usiende siku ya kilele, kwani wote wanakuwa wanasubiri msafara wa viongozi. Nenda siku za mwanzo, asubuhi, ukiwa na daftari bila maiki. Uliza, sikiliza, omba namba, ondoka. Kazi ya siku hiyo ni namba na jambo moja ulilolisikia kwa kila mtu. Liandike papo hapo, maana ukirudi nyumbani na namba 20 zisizo na maelezo umerudi mikono mitupu.

Vyuo tunavyo: Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Chuo cha Mipango, Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo. Ushauri wangu ni kwamba usikimbilie maprofesa peke yao. Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu aliyetoka kukaa mwaka mzima kijijini akikusanya data za utafiti wake ana visa vibichi, ana muda, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumuuliza aliona nini.

Wapo pia wageni wapitao. Dodoma ni mji wa vikao na semina, na tangu treni ya reli ya kisasa (SGR) ianze safari mwaka 2024, mtu wa Dar es Salaam anaweza kuja asubuhi na kurudi usiku. Katikati ya kikao na treni kuna saa mbili ambazo hana pa kwenda. Ukisikia mtu unayemtafuta anakuja, mwombe saa hizo, tena mwambie utamfuata hapo hapo alipo.

Lakini njia kuu ni mtu wa kati. Hapa kwetu namba ya simu peke yake haifungui mlango. Anayefungua ni anayejulikana na pande zote mbili: afisa ugani, mwenyekiti wa mtaa, katekista, imamu, mwalimu mstaafu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kijijini jambo hili ni la lazima. Huwezi kuingia kwenye boma la mtu na kinasa sauti kabla hujaripoti kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti, ukajitambulisha na kusema umekuja kwa nini. Ukilipuuza, unayemweka matatani ni mwenyeji wako, kwa sababu wewe utaondoka na yeye atabaki akiulizwa maswali.

Na jambo moja linaniuma. Ukimwomba mtu wa kati akutajie anayejua kilimo, ufugaji, historia au biashara, atakutajia wanaume watano mfululizo. Uliza tena kwa kutaja: "Na akina mama je, nani?" Majina yapo. Ukishayapata, zungumza na mama mwenyewe, usiishie kwa mume wala kaka aliyekupa namba.

Hatua ya tatu: piga simu ya kumsikiliza

Kabla ya kupanga tarehe, zungumza naye kwa simu dakika 10 hadi 15. Usirekodi. Unatafuta mambo mawili tu: kama ana visa, na kama yuko tayari kuvisema. Mwombe akueleze siku moja: "Niambie siku ya kwanza uliyoingia kazini ilikuwaje." Akijibu kwa majina ya watu, mahali na vitu, umepata mgeni. Akijibu kwa "changamoto ni nyingi, ila tunamshukuru Mungu", usimkate. Muulize tena kwa njia nyingine, maana wengi hujibu hivyo kwa heshima, wakisubiri kuona kama kweli unataka kujua.

Anapoanza kusimulia kile kisa kikubwa, msimamishe kwa upole: "Mzee, hicho naomba tukiweke kwa siku ya kurekodi." Kisa kinachosimuliwa mara ya pili kwa mtu yule yule hufupishwa. Msimulizi anajua umeshakijua, anaruka sehemu nzuri na kukwambia "kama nilivyokueleza". Nimepoteza vipindi viwili kwa namna hiyo.

Muulize pia lugha. Wapo wazee wanaosema Kiswahili vizuri sokoni lakini wakikumbuka utoto wanarudi Kigogo au Kirangi. Kama ndivyo, tafuta mtu wa kutafsiri, mwache mgeni aseme kwa lugha yake, kisha weka tafsiri juu ya sauti yake. Na hata kama hujui Kigogo, kuingia kwa salamu yao, "Mbukwenyi", kunabadilisha sura za watu waliokaa barazani.

Ukiona hafai kwa swali ulilonalo, mwambie siku ile ile: nimepata mwingine kwa kipindi hiki, ila namba yako naitunza. Kumwacha mtu akisubiri simu yako ni kumkosea.

Hatua ya nne: andika ombi linalojibika

Meseji yangu ya kawaida kwa mgeni ambaye si kiongozi wa ofisi ni hii:

"Shikamoo Mzee. Naitwa Fulani, naishi Chang'ombe hapa Dodoma. Namba yako nimepewa na Mwalimu Fulani wa Kikuyu, aliyeniambia ulikuwa fundi wa reli kwa miaka mingi. Ninaendesha podikasti ya mahojiano na ninaandaa kipindi kuhusu familia zilizoishi nyumba za reli. Ningependa tuzungumze kwa saa moja, nyumbani kwako, Jumamosi tarehe 14 au Jumapili tarehe 15 alasiri. Tutarekodi sauti tu, bila picha. Naomba nikupigie kesho saa kumi jioni nikueleze zaidi, kama muda huo unakufaa."

Salamu na jina la aliyekupa namba vinakuja mwanzo kwa sababu ndicho anachojiuliza mtu akiona namba ngeni: huyu kanipataje? Kutaja anachokijua yeye kunamwonyesha kwamba hukumchagua kwa kubahatisha. "Sauti tu" inaondoa hofu ya kamera, ambayo kwa wengi ni kubwa kuliko hofu ya maswali. Tarehe ni mbili ili achague, badala ya "siku yoyote utakayopata nafasi", ambayo haifiki kamwe. Na unachoomba mwishoni ni kitu kidogo: simu ya kesho. Andika yote kwa meseji moja. Usitume "Habari" peke yake ukasubiri ajibu.

Kwa ofisi ya umma njia ni barua. Mtumishi hawezi kuzungumzia mambo ya taasisi yake bila kibali, hata akiwa rafiki yako, na kumvuta kwa mlango wa nyuma ni kumhatarishia kazi. Barua iende kwa Katibu Mkuu, Mkurugenzi Mtendaji au mkuu wa taasisi, si kwa mtaalamu unayemtaka. Huyo mtaje ndani. Umbo lake unalijua: "YAH: OMBI LA MAHOJIANO YA PODIKASTI KUHUSU SOKO LA ZABIBU. Husika na kichwa cha habari hapo juu." Kisha aya tatu fupi: wewe ni nani, unataka kuzungumza na nani kuhusu nini na kwa dakika ngapi, na kipindi kitatoka wapi na lini. Ambatanisha mada nne au tano za mazungumzo. Kama una leseni ya maudhui ya mtandaoni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), weka nakala. Ni TCRA inayosimamia kanuni za eneo hili, na swali la kwanza la ofisi nyingi huwa ni kama umesajiliwa, kwa hiyo jambo hilo limalize kabla hujaanza kuandikia watu barua.

Peleka nakala mbili masijala. Moja inabaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Muhuri huo ndio utakaokusaidia baadaye, kwa sababu ukipiga simu baada ya wiki moja hutasema "niliwahi kuleta barua", utasema "barua yangu ilipokelewa tarehe 3, naomba kujua jalada limefika kwa nani". Ongea vizuri na mtu wa masijala na katibu muhtasi, mjue kwa jina. Fuatilia mara moja kwa wiki, kwa wiki tatu. Zikipita bila jibu, badilisha mgeni na uendelee na swali lako. Aliyestaafu kutoka idara hiyo hiyo mara nyingi anajua yote na hana wa kumwomba kibali cha kusimulia maisha yake.

Hatua ya tano: soma kalenda ya mji

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge huwa kwenye mkutano wa bajeti. Mawaziri na wataalamu wao wanakuwa wamefungwa na maswali na hotuba, usiwahangaikie. Wabunge, kinyume chake, wanakuwa wote hapa, hata wale wa mikoa ambayo usingeweza kufika. Waombe Jumamosi. Juni 30 mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa, basi mhasibu, afisa manunuzi au mkurugenzi wa halmashauri umwombe kuanzia katikati ya Julai.

Mkulima ana kalenda yake. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, na ikianza Desemba kila mkono uko shambani. Ukimtaka mkulima mwezi Januari, mfuate jioni akishatua jembe, au subiri. Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi ziache. Mwezi wa Ramadhani uliza kwanza.

Saa nazo huleta matatizo. Ukiandika "10:00", mwingine atasoma saa nne, mwingine saa kumi. Andika kwa maneno: "saa nne asubuhi". Kwa Mtanzania aliyeko nje andika saa za pande zote mbili. London iko nyuma yetu saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi chao, na siku wanapobadili saa ndipo miadi hupotea. Mgeni wa mbali mwombe ajirekodi kwa simu yake mwenyewe wakati mnaongea, akae chumba chenye mapazia na godoro, kisha akutumie faili. Sauti yake itakuwa safi hata mtandao ukisumbua.

Hatua ya sita: pesa zitajwe mapema

Utaulizwa kuhusu posho. Lijibu mwanzoni, bila kuzunguka. Msimamo wangu: nauli nalipa, chakula nalipa, mazungumzo silipi. Mtu akilipwa kwa kisa, kisa kinarefuka kulingana na malipo, na msikilizaji hawezi kujua mpaka ulipo. Lakini haki nayo ipo. Mama mwenye genge akifunga kwa saa mbili amepoteza mauzo. Basi usimtoe, mfuate wewe, saa ambayo wateja wamepungua. Nami ninapokwenda kijijini siendi mikono mitupu; kilo mbili za sukari ni adabu ya mgeni, na nazipeleka hata kama hatutarekodi.

Kuna upande wa pili pia. Watakuja wafanyabiashara na wanaotaka nafasi za uongozi wakikupa pesa ili uwahoji. Ukipokea, hilo ni tangazo, na msikilizaji aambiwe hivyo dakika ya kwanza.

Hatua ya saba: ridhaa

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sauti ya mtu pamoja na maisha yake ni mambo yake. Kabla ya kuanza, washa kinasa sauti na umuulize: unakubali turekodi, kipindi hiki kitasikika mtandaoni na mtu yeyote, popote, je, unakubali? Jibu lake libaki kwenye faili. Mweleze kwamba akitaka sehemu fulani iondolewe aseme kabla ya tarehe fulani, na hiyo tarehe uiheshimu. Mtoto hahojiwi bila mzazi au mlezi kukubali, naye mwenyewe akubali. Aliyepatwa na msiba, maradhi au ukatili msikilizishe kipindi chote kabla hujakirusha. Sina mjadala kwenye hili. Nimewahi kufuta kipindi kizuri kuliko vyote vya mwaka ule kwa sababu dada mmoja alisikiliza, akalia, akasema "hapana".

Siku moja kabla tuma ukumbusho: saa, mahali, namba ya kupiga, na picha ya geti kama anakuja kwako, maana mitaa yetu mipya ya Ilazo na Nkuhungu inafanana. Chaji betri zote. Uwe na mgeni wa akiba, mtu wa karibu aliyekubali kuitwa kwa taarifa fupi. Na upepo wa Dodoma wa Julai usiudharau. Chini ya mwembe panapendeza kwa macho, lakini maiki itarekodi majani tu.

Kipindi kikitoka, mgeni awe wa kwanza kukipata. Linki haitoshi, kwa sababu wengi hawana bando la kusikiliza saa nzima. Mkatie dakika tano zilizo nzuri, umtumie WhatsApp kama faili dogo la sauti, au mpelekee kwenye memori kadi. Kisha muulize, akiwa bado na furaha ya kuisikia sauti yake: "Baada yako nimtafute nani?"

Yule mama wa Majengo alinielekeza kwa dereva wa lori wa barabara ya Kondoa. Dereva akanipa namba ya mzee wa Kolo aliyekuwa akichunga mbuzi chini ya ile michoro ya miambani miaka mingi kabla UNESCO haijaiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Juu ya ukurasa wake nimeandika: wachungaji walikuwa wanasema michoro hii ni ya nani? Tumepanga Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, nikishaonana kwanza na mwenyekiti wa kijiji.